Mwalimu Watiri Chini ya Leso

Mimi na Watiri tumekaa meza moja katika chumba cha walimu kwa miaka mingi, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa birika la chai, na katika muda huo wote sikuwahi kumsikia akisema hapana. Mwalimu mkuu akimwomba asimamie michezo kwenye baridi ya Julai, sawa. Mwenzetu akitaka kumsukumia zamu yake, sawa. Mama mmoja alikuwa akija getini kutuuzia mayai ambayo hata kuku mwenyewe angeyakana, na Watiri alikuwa akiyanunua kila wiki. Nimemgombeza mpaka nikachoka. Mimi naitwa Zabibu, nafundisha Kiswahili, nimezaliwa Majengo hapa hapa Nyeri mjini, na nyumbani kwetu mtoto hujifunza kukataa kabla hajajifunza kutembea.

Ajabu ni kwamba huyu asiyeweza kukataa mayai mabovu ndiye aliyewafundisha wasichana wetu kusoma lugha ya mwili.

Ilianza na tabasamu. Shiku, wakati huo akiwa kidato cha pili, alikuwa akikaripiwa na mwalimu wa hesabu kwa kutomaliza kazi, naye akatabasamu. Kadiri mwalimu alivyopandisha sauti, ndivyo tabasamu lilivyopanuka. Akatolewa nje kwa kosa la kiburi, akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Watiri alipopita akamwuliza anacheka nini. Mtoto akamwambia hacheki, uso wake hufanya hivyo wenyewe akiogopa, na kwamba hata kwenye mazishi ya nyanya yake alipigwa kofi kwa ajili hiyohiyo. Watiri akarudi kumweleza mwalimu wa hesabu, akaambiwa aache kudanganywa na watoto.

Mwingine angelalamika wiki nzima. Watiri hakulalamika, alikwenda na jambo hilo darasani. Tuna kipindi cha stadi za maisha Ijumaa mchana, ambacho wengi wetu, tuseme ukweli, hukitumia kusahihisha madaftari. Yeye alikigeuza. Alimsimamisha msichana mmoja mbele, akamfunika leso kutoka utosini hadi kwenye miundi kama bibi harusi wa Kikuyu siku ya ruracio. Siku hiyo ya kupeleka mahari, wanawake kadhaa hufunikwa gubigubi na kupangwa mstari, na bwana harusi hutakiwa kumtambua wake ni yupi. Akikosea, hutozwa faini na kuchekwa. Sasa Watiri alikuwa akimnong'oneza aliyefunikwa: umeitwa ofisini, baba yako amekuja bila taarifa, mtihani umekuwa rahisi. Halafu darasa zima lilitakiwa kumsoma kwa miguu, mabega na vidole.

Nilianza kwenda kukaa nyuma ya darasa lake kwa udaku tu, nikajikuta siachi. Wale wasichana walikuwa hodari kuliko polisi. Shiku ndiye aliyewapita wote, na siku moja alitazama miguu ya aliyefunikwa akasema kwa upole kwamba huyo si wa kuitwa ofisini, huyo anataka kwenda msalani, na ilikuwa kweli. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa jirani akagonga ukuta.

Lakini Watiri hakuwaacha wafanye mchezo. "Mwili unasema kitu," aliwaambia, "lakini hausemi ni kwa nini. Hiyo ya kwa nini ni lazima uulize. Na ukiona mwili wa mtu umetoa siri yake, usimkodolee macho. Inamisha yako kwanza. Halafu umwendee, umwulize polepole."

Wakayashika hayo. Shiku aliona mwenzake wa dawati anakunja mikono tumboni kila asubuhi, akamwuliza pembeni, ndipo ikajulikana kwamba yule mtoto anakuja shule bila kula. Tukafanya tulichoweza. Mwalimu wa hesabu mwenyewe, siku hizi akimwona mtu anatabasamu anapokaripiwa, hunyamaza kwanza. Hajakubali kwamba alikosea, maana huyo hakubali kitu, lakini hunyamaza.

Sasa niseme juu ya Wambugu, yule aliyekuja kumchumbia Watiri. Ningependa sana kumsema vibaya, ila sina la kumsema. Ana kinu cha mpunga Mwea, si kikubwa. Halewi, anaenda kanisani, anasalimia hadi walinzi. Alipokuja kumtembelea Watiri shuleni alituletea walimu mchele wa pishori unaonukia kutoka getini, na mimi niliula, tena nikarudia. Walikutana kwenye harusi ya binamu yake Watiri kule Kianyaga. Akaomba namba ya simu, sawa. Akaomba kuja kuwaona watu wa nyumbani, sawa. Wajomba zake wakaja, Watiri akawamiminia chai akiwa ameinama, wakaondoka wakimsifu. Kila hatua ilipita kwa ile sawa ya mayai. Alipokuja kushtuka, hema lilikuwa limeshakodiwa.

Watiri aliniambia muhula ulipokuwa unakaribia kufungwa, kalamu nyekundu mkononi, na daftari la mwanafunzi mmoja likiwa mbele yake tangu nilipoanza kunywa chai mpaka nilipomaliza. Alisema hampendi. Alisema mama yake Wambugu amezeeka na wanataka yeye akasimamie duka la pale kinuni, kwa hiyo itabidi aache kazi, maana uhamisho aliomba na hakupata. Nikamwuliza kama anampiga. Hapana. Kama ana mwanamke mwingine. Hapana. Kama ni bahili. Alinionyesha gunia la pishori kwenye kona.

"Sasa mtu hana kosa unamkataaje, Zabibu?" aliniuliza. "Si wataniuliza amefanya nini? Nitawaambia nini?"

"Waambie humtaki. Hiyo inatosha."

"Nimwambie nani? Hakuna mtu ameniuliza."

Nilikasirika, na nikikasirika huwa napanga vikombe. Nilivipanga vyote. Lakini alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Baba yake, Mzee Ngatia, alimlea peke yake tangu mkewe alipofariki, na ni mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yanaingia kwenye kijiko. Hakumwuliza binti yake kitu. Alinunua rangi, akaanza kupaka nyumba. Kila Watiri alipokwenda nyumbani Tetu mwisho wa wiki, alikuta ukuta mwingine umekwisha, na mzee amesimama chini yake na brashi, amechoka, anafurahi. Watiri alisema kila ukuta ukipakwa anahisi mlango mmoja umefungwa.

Ulikuwa umebaki mlango mmoja tu. Siku ya ruracio, muratina ile pombe ya asali ikishamiminwa kwenye pembe ya ng'ombe, baba humwita binti yake mbele ya watu wote akamwuliza kama anywe. Akisema kunywa, amekubali kuolewa. Baba hawezi kugusisha pembe mdomoni kabla ya kuuliza.

"Hapo ni lazima aniulize," Watiri alisema. "Akiniuliza, nitasema."

Nikapumua. Nikamwambia vizuri, nitakuwa pale nikusikie. Kumbe nilikuwa sijui mambo ya watu.

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu, Tetu yote imelowa, na gari la shule lililoleta wasichana wa kwaya lilikwama kwenye utelezi wakalisukuma na sare zao. Shiku alikuwa mmoja wao, sasa yuko kidato cha nne, ana matope hadi magotini. Walipewa trei za vikombe wasaidie kuandalia wageni. Mimi nilipelekwa chumbani kwa bibi harusi. Chumba kilikuwa na dirisha moja, na nje ya dirisha hilo walikuwa wameegemeza magunia ya kuni, na chumbani mashangazi wamejaa mpaka huoni kitanda. Watiri alikuwa amekaa katikati yao na nguo mpya, anatazama goti lake.

Shangazi mkubwa alikuwa akimpa mafundisho ya mwisho. Walikuwa wakiongea Kikuyu, ambacho nakifahamu kama mtu anavyofahamu nyumba ya jirani, kwa hiyo naandika nilivyoelewa. Alimwambia: ukiulizwa na baba yako, usijibu haraka kama mtu anauza sukuma wiki sokoni. Inama. Nyamaza. Msichana aliyelelewa vizuri hajibu swali hilo kwa mdomo wazi mbele ya wanaume. Wewe inama tu, sisi tutajua umekubali.

Watiri aliinua macho akanitazama. Nilielewa, na nadhani hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kuogopa. Akiinama, amekubali. Akinyamaza, amekubali. Machozi yalianza kumtoka, na shangazi akampangusa kwa ncha ya leso huku akiwaambia wengine kwa furaha kwamba mnaona, analia, huyu ana adabu ya zamani. Hakukuwa na kitu ambacho mwili wa yule mwanamke ungefanya mle ndani kisigeuzwe kuwa ndiyo.

Wakaja kutufunika. Walihitaji wanawake wa kimo kimoja naye, na mimi nilikuwa nimekubali siku nyingi nyuma, wakati jambo lenyewe lilikuwa bado ni mzaha kwangu. Tulipangwa uani, leso mpya zinanuka rangi ya dukani. Huoni kitu isipokuwa ardhi. Nilikuwa naona nyasi zilizokanyagwa, viatu vyangu, na viatu vya Watiri pembeni yangu. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ndani ya makubazi kama vya mtu aliyesimama kwenye ukingo, na miguu yote miwili imeelekea getini. Nilimnong'oneza asisahau kusema.

Halafu kipaza sauti kikaletwa, msema chochote wa sherehe akaanza vituko vyake, na wimbo ukapigwa. Sasa mimi ni mtu wa vicheko, sijiwezi. Yule kijana alisema bwana harusi amezoea kuchagua mchele akiwa ameuona, leo tunataka tuone atauchaguaje ukiwa kwenye gunia. Nikacheka. Mguu wangu ukaanza kufuata wimbo wenyewe. Viatu vya kahawia vikapita mbele yetu, vikaenda mwisho wa mstari, vikarudi. Vikasimama mbele yangu. Mkono ukashika mkono wangu na sauti ya Wambugu ikasema, kwa uhakika kabisa, ni huyu.

Leso ikafunuliwa, nikatokea mimi, Zabibu binti Jamal, na hijabu yangu.

Watu walicheka hadi wazee wakashikana mabega. Wakamtoza faini ya soda. Wambugu mwenyewe alicheka, masikio yamemwiva, akaniomba msamaha kwa mikono miwili. Safari ya pili mashangazi wakamsaidia kwa kukohoa kila alipopotea, akafika kwa Watiri, akamfunua. Vigelegele vikapanda. Mimi nilikuwa namtazama Wambugu, na ndiyo maana niliona ambacho wengine hawakukiona. Alipouona uso wa Watiri umelowa vile, alianza kutabasamu halafu akaacha katikati.

Wakakaa. Mzee Ngatia alikuwa kwenye benchi peke yake chini ya hema, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, ukuta mweupe nyuma yake. Akapewa pembe imejaa hadi ukingoni. Akamwita binti yake, naye Watiri akaja kusimama mbele yake.

"Watiri," alisema, "hii imeletwa na hawa wageni wako. Mimi nikunywe?"

Watiri aliinama.

Nilikuwa namwambia moyoni, sema. Sema sasa. Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni, vidole vinasokota ncha ya leso, na mguu mmoja umeshageuka nusu kuelekea pembeni. Mtoto yeyote wa Ijumaa angemsoma akiwa mwisho wa darasa. Na mashangazi nao walimsoma, kwa kitabu chao. Yule mkubwa akaachia kigelegele cha kwanza, wengine wakapokea, na Mzee Ngatia, uso umemlegea kwa faraja, akaanza kuinua pembe.

Niliwatafuta wasichana wetu kwa macho. Walikuwa wamesimama na trei zao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akipiga kigelegele. Wote walikuwa wameinamisha macho. Kwanza nilidhani ni aibu ya matope. Kisha nikaelewa kwamba wameona, na wanafanya vile walivyofundishwa, na kwamba kilichobaki ni mtu wa kwenda kumwuliza, na mtoto wa shule hawezi kuvuka uwanja wa wazee kwenda kuuliza. Nami ninayejisifu kwamba nilikataa kabla sijatembea, sikusogea hata hatua moja. Nilikuwa mgeni pale, na nilikuwa nimetoka kuchekwa na uwanja mzima.

"Mzee, ngoja kidogo. Samahani."

Ni Wambugu. Alikuwa amesimama. Alisema kwa Kiswahili chake cha Mwea, labda kwa sababu alianza kwa kunielekezea mimi mkono.

"Mimi saa hii nimeshika mwalimu Zabibu nikiwa na hakika kabisa. Munajua ni kwa nini? Alikuwa anacheka kwa hiyo leso. Mguu yake ilikuwa inacheza. Nikajiambia, si ati hiyo ndiyo bibi yangu, kwa sababu leo ni lazima akuwe na furaha." Mjomba wake akamvuta koti, akautoa ule mkono bila hasira. "Sasa nimejua mimi sijui kusoma mtu. Na Watiri hajajibu. Wacha nisikie na mdomo yake."

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Ungedhani ningemshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo, na nilimshukuru baadaye, lakini wakati ule niliona amemfungia Watiri ule mlango wa mwisho. Yeye alikuwa amejiandaa kulikataa swali la baba yake. Hakujiandaa kumkataa mtu pekee kati ya wote waliokuwa pale ambaye amemwuliza kwa sababu anataka kujua. Niliona midomo yake inapanuka kidogo. Naijua hiyo, nimeiona miaka mingi kwenye meza yetu, ni ile sawa yake inakuja.

Ikakwama. Watiri aliinua kichwa, akamtazama Wambugu usoni kwa muda, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, usinywe."

Alisema kwa sauti ndogo sana. Yule msema chochote akadaka kipaza sauti akasema bibi harusi anataka soda ianze, na watu wakacheka kwa pupa, wamepata pa kushika. Watiri akasubiri kicheko kipite. Alipoongea tena ilikuwa ni ile sauti yake ya darasani, ambayo haipandi lakini inafika hadi dawati la nyuma.

"Usinywe, Baba. Wambugu hana kosa. Ni mimi sitaki."

Hakuna mtu aliyeondoka. Wangeondokaje? Magari yalikuwa yameziba njia yote hadi barabarani, na chakula kilikuwa jikoni kinanukia. Wambugu aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyejibiwa swali alilouliza, akaketi akatazama viatu vyake. Mashangazi walikuwa wameanza kuongea wote kwa pamoja. Wajomba wa Mwea walitazama hema, kama kuna jambo limeandikwa juu kule.

Na Mzee Ngatia alibaki na pembe. Pembe ya ng'ombe haina kitako, ikijaa huwezi kuiweka chini. Hawezi kuinywa, ameshaambiwa. Hawezi kuimwaga, ni ya wageni, na kumwaga ni tusi. Aliishika kwa mikono miwili, na mikono ya mzee yule ilianza kutetemeka, pombe ikamchuruzikia kwenye vifundo vya vidole na kuingia katika mkono wa koti. Watu wote walimwona, na hakuna aliyejua afanye nini kwa ajili yake.

Hakumtazama binti yake. Alisogea tu kwenye benchi, akaacha nafasi.

Watiri alikwenda akakaa. Akapitisha mikono yake chini ya mikono ya baba yake, na kutetemeka kukapungua. Wakabaki hivyo, wameshika ile pembe pamoja mbele ya wageni wote, na hakuna kati yao aliyeweza kuiachia.